Diwani Akija na Habari za Masika, Tumwulize Nini?

(Haya ni maneno ya mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware. Tumeyachapa ili vikundi vya vijijini navyo viyasome na kuyajadili, kwa sababu kila mahali kuna diwani, na kila mahali mvua hunyesha.)

 

Kila mwaka, mvua za masika zikikaribia, diwani huonekana. Huja kwenye baraza la chifu, huja uwanjani, huja kanisani baada ya Misa akaomba dakika tano za kusalimia watu. Hutupa habari za wadi. Barabara fulani imewekwa changarawe. Mulika mwizi ya pale stegi imetengenezwa. Basari zimetoka, wazazi wachukue fomu. Na ule mtaro wetu mkubwa utachimbwa. Sisi hupiga makofi, kina mama hupiga vigelegele, halafu tunakwenda nyumbani. Mvua inakuja. Mtaro haujachimbwa. Mwaka unaofuata tunasikia habari zile zile, na makofi tunapiga yale yale.

Leo hatukuja kumsema diwani. Wako wanaofanya kazi kwa bidii, na wako wengine. Tumekuja kujisema sisi wasikilizaji. Maana habari ni kama mbegu: ikiangukia mahali palipolimwa huota, ikiangukia barabarani huliwa na ndege.

DIWANI WA SIKU HIZI NI NANI?

Wazee waliopo hapa wanakumbuka Baraza la Jiji la Nairobi na madiwani wake. Baraza hilo halipo tena. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 Nairobi ikawa kaunti yenye gavana na Bunge lake. Jiji lina wadi 85. Kila wadi huchagua mtu mmoja wa kukaa katika Bunge la Kaunti. Huyo ndiye MCA, ingawa sisi kwa mazoea tunaendelea kumwita diwani.

Hapa Kibera tuna wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, na Woodley/Kenyatta Golf Course. Wenzetu wa Kawangware wana wadi tatu: Kawangware yenyewe, Gatina na Kabiro. Kwa hiyo sisi tulioketi katika chumba hiki tuna wawakilishi wanane. Wanane si wachache! Lakini tukiulizana hapa kila mmoja ataje jina la wake na siku aliyozungumza naye mara ya mwisho, wengi tutaangalia chini.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaeleza kazi za MCA. Anatakiwa kukaa karibu na watu wake na kuwauliza maoni juu ya mambo yanayojadiliwa Bungeni. Anatakiwa kuyapeleka maoni hayo Bungeni, na kuhudhuria vikao. Na Katiba inalipa Bunge la Kaunti kazi ya kutunga sheria na kuchunguza jinsi gavana na maofisa wake wanavyotumia mali ya umma. Sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba MCA asijiingize katika kazi za utekelezaji za serikali ya kaunti.

Maana yake nini? Maana yake diwani si mwanakandarasi. Akisema, "Nimewajengea barabara," tumshukuru kama alisukuma jambo hilo, lakini tujue kwamba barabara ilijengwa kwa pesa ya umma. Kazi yake ni kuhakikisha imo katika bajeti, kisha kuhakikisha haikuliwa njiani. Kwa hivyo swali letu kwake lisiwe tu, "Umetujengea nini?" Liwe pia, "Umesema nini Bungeni kwa ajili yetu, na umechunguza nini?"

MASIKA NI MSIMU WA KUPANDA

Wengi wetu tulizaliwa shambani. Hakuna mkulima anayesubiri mvua iishe ndipo aanze kutafuta jembe. Atacheka nani? Majirani wote watamcheka. Lakini sisi wa mjini tunafanya hivyo kila mwaka katika mambo ya kaunti.

Mwaka wa pesa wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inapanga tarehe za kufuata. Kufikia tarehe 28 Februari, kaunti iwe imetoa karatasi inayoonyesha mwelekeo wa matumizi. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti yawe yamefika Bunge la Kaunti. Hapo kamati ya bajeti inatakiwa kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya kutoa mapendekezo yake. Kufikia 30 Juni, Bunge liwe limepitisha.

Hesabuni basi. Masika yanaanza Machi na kuisha Mei. Maji yanapoingia nyumbani mwetu mwezi wa Aprili, ndio wakati pesa za mwaka mzima unaofuata zinapangwa pale City Hall. Msimu wa mafuriko ndio msimu wa bajeti. Diwani anapokuja na habari zake mwezi wa Aprili au Mei, huo mlango uko wazi. Akija Julai, mlango umefungwa. Tunaweza kungoja bajeti ya nyongeza, lakini anayengoja nyongeza hula makombo.

Kikundi kimoja cha kina mama cha upande wa Gatina kilikaa mwaka mzima kikiandaa ombi la kalvati kwenye njia ya watoto wa shule. Barua ilikuwa nzuri, imepigwa chapa, ina sahihi nyingi. Waliipeleka mwezi wa Julai. Waliambiwa kwa upole, "Mama, pesa ziligawanywa mwezi uliopita." Barua yao haikuwa na kosa lolote. Ilichelewa wiki chache tu, na wiki hizo chache ziligeuka kuwa mwaka.

MAJI HAYANGOJI

Tukumbuke masika ya 2024. Mvua ilinyesha mwezi wa Aprili hata mito ya Nairobi ikapanda kingo zake. Nchini kote watu zaidi ya 200 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Hapa jijini wenzetu wa Mathare na Mukuru waliumia sana. Na hata kabla maji hayajakauka ikaja amri ya serikali kwamba waliojenga kando ya mito waondoke. Nyumba nyingi zilibomolewa mwezi wa Mei, mvua ikiwa bado inanyesha. Watu walikimbia maji, kisha wakakimbia mabuldoza.

Sisi wa Kibera tunaijua habari hiyo. Mto Motoine unapita upande wetu na kuingia Nairobi Dam, ile iliyochimbwa mwaka 1953. Leo bwawa lenyewe limejaa matope, takataka na magugu. Maji yakikosa pa kulala, huja kulala kwetu. Wa Silanga na wa Soweto wanajua usiku wa kuketi juu ya meza na watoto mapajani. Wa Kawangware nao wanajua mitaro ikiziba, maji ya choo yanavyochanganyika na maji ya mvua na kuingia plotini, na baada ya wiki moja watoto wanaharisha.

Sasa tujue jambo moja la nguvu. Katiba, katika Jedwali la Nne, imetaja kazi za kaunti moja moja. Mifereji ya maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa imo. Maji na usafi wa mazingira vimo. Kuzoa taka kumo. Taa za barabarani zimo, zahanati zimo, masoko yamo, shule za chekechea zimo. Polisi haimo, hiyo ni ya serikali kuu. Kwa hivyo tunapomwuliza diwani juu ya mtaro, hatuombi hisani, hatuombi chai. Tunamwuliza juu ya kazi ya nyumba anayoiwakilisha.

TUSIKILIZE KWA DAFTARI

Tunapendekeza njia rahisi. Kila kikundi kina daftari la michango. Kinunue la pili, liwe daftari la wadi. Diwani akisema, katibu aandike katika safu tatu.

Safu ya kwanza: MAMBO YALIYOKWISHA. Diwani akisema jambo limekwisha, wanachama wawili waende walitazame kwa macho wiki hiyo hiyo. Kama ni taa, waende usiku. Kama ni choo, wafungue mlango.

Safu ya pili: MAMBO YALIYOTENGEWA PESA. Hapa mwanachama mmoja ainuke kwa heshima aulize: "Mheshimiwa, tunakushukuru. Jambo hili liko katika bajeti ya mwaka gani, na limetengewa shilingi ngapi?" Asibishane, asipige kelele. Aulize, kisha aketi, kalamu mkononi.

Safu ya tatu: AHADI. Hapa ndipo "tutaangalia," "tunashughulikia," "mambo yako jikoni." Ahadi ni deni, tunasema. Lakini deni lisiloandikwa husahaulika na pande zote mbili. Andikeni ahadi na tarehe, na mbele yake muandike jina la mwanachama atakayeifuatilia.

Mkifanya hivyo misimu miwili mfululizo, mtaona ajabu. Diwani mwenyewe ataanza kuja na karatasi. Mtu anayejua kwamba anaandikwa huchagua maneno yake.

Na kama hatujibu? Iko Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mwananchi anaweza kuandikia ofisi ya umma barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, akiomba habari. Ofisi inatakiwa kumjibu upesi, isipite siku 21. Kuomba hakulipiwi, unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu. Tena kila mtu ana haki ya kupeleka ombi la maandishi mbele ya Bunge la Kaunti juu ya jambo lililo katika uwezo wake. Si lazima uwe na wakili. Ni lazima uwe na kalamu na nakala ya barua yako iliyopigwa muhuri siku ulipoifikisha.

KABLA YA KUOMBA MTARO, TUULIZE UTAPITA WAPI

Hapa tuseme ukweli, kwa sababu ndipo penye uchungu. Mtaro unahitaji nafasi. Nafasi hiyo leo ina nyumba, ina kibanda cha mboga, ina choo cha kulipia, ina duka la jirani yetu.

Kibera na Kawangware hazifanani. Kibera ardhi kubwa ni ya serikali. Mwenye nyumba ana kuta na mabati, na mpangaji ana kitanda chake. Mwaka 2017 Wanubi, ambao babu zao wamekuwa hapa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, walipewa hati ya pamoja ya ekari 288. Kawangware ploti nyingi ni za watu binafsi wenye hati zao. Kwa hiyo wa Kibera wakiomba mtaro, wanazungumza na serikali na wenye nyumba. Wa Kawangware ni lazima wazungumze na mwenye ploti, na wajue mpaka wa barabara uko wapi. Mahali pote pawili, anayeumia mwisho ni mpangaji, na wengi wetu hapa ni wapangaji.

Hatujasahau tarehe 23 Julai 2018. Siku hiyo mabuldoza yalianza kubomoa hapa Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu walikosa makao, na shule pia zilibomolewa. Barabara ni kitu kizuri, na leo tunaipita. Lakini wengine wetu waliilipia kwa kila kitu walichokuwa nacho.

Kwa hivyo swali la pili kwa diwani, baada ya "pesa ngapi," ni hili: "Njia ya mradi huu itapita wapi, na nani ataguswa?" Liulizwe mapema, mradi ukiwa bado karatasi. Sheria ya ardhi, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka watu walio kwenye ardhi ya umma wapewe ilani angalau miezi mitatu kabla ya kuondolewa: kwa maandishi, kwenye gazeti la serikali na gazeti la kawaida, na kwa redio inapofaa. Mwenyekiti, hilo lisomwe katika kila kikundi. Alama ya rangi nyekundu ukutani usiku mmoja si ilani ya miezi mitatu.

TUJIHESABU WENYEWE

Tuvuke kidogo upande wa pili wa jiji, tuone wenzetu walifanyaje. Agosti 2017, kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo la mpango maalumu. Kaya zipatazo 100,000! Nani angeweza kuzisikiliza zote? Wanavijiji, kupitia vikundi vya kuweka akiba na Muungano wa Wanavijiji, ulioanza mwaka 1996, walijipanga nyumba kumi kumi. Kila kumi wakawa na mjumbe, na wajumbe wakakutana na wataalamu wa maji, wa barabara, wa afya. Baadaye Mukuru ikapata barabara za lami na vituo vya afya. Hatusemi machozi yaliisha. Mwishoni mwa 2021 watu wengi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba kwa ajili ya barabara nyingine. Lakini hata katika kubomolewa, waliojihesabu walijua ni nani aliyepotea na alikuwa akiishi wapi.

Hapa kwetu vijana walifanya jambo la namna hiyo mwaka 2009. Walitembea Kibera nzima na kutengeneza ramani, maana kwenye ramani nyingi za wakati huo Kibera ilionekana kama pahali patupu. Wakaweka vituo vya maji, vyoo, zahanati, shule.

Basi na sisi tuanze kidogo. Kikundi kimoja, mtaro mmoja. Hesabuni hatua tangu unapoanzia hadi unapoishia. Hesabuni milango iliyoko kando yake. Andikeni maji yaliingia nyumba ngapi masika yaliyopita, na yalifika wapi: kifundo cha mguu, goti, au kiuno. Andikeni watoto wangapi walipelekwa zahanati. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko watu mia wanaopiga kelele. Diwani mwema ataishukuru, kwa sababu sasa ana la kusema Bungeni. Diwani mvivu ataiogopa.

Na tukihesabu, tuhesabu pia mifuko ya taka iliyo mtaroni. Hiyo haikuletwa na City Hall. Kila kikundi kichague Jumamosi moja kabla ya mvua, majembe na reki kutoka nyumbani, tusafishe sehemu yetu. Hatufanyi hivyo ili kuisamehe kaunti kazi yake. Tunafanya hivyo ili watoto wetu wasife wakati tunangoja, na ili tukisimama kuuliza, tusimame wima.

NENO LA MWISHO

Ndugu zetu wa vijijini mtakaosoma haya, ninyi pia mna MCA, mna bajeti ya kaunti yenye tarehe zile zile, na mna daraja au kisima au zahanati inayotajwa kila mwaka. Wapangieni wenzenu siku. Mwezi wa Februari kikundi kihesabu mahitaji na kuchagua moja tu. Mwezi wa Machi kiandike barua. Aprili na Mei kimwalike diwani, kimsikilize kwa daftari, na kiende mahali popote maoni ya bajeti yanapopokewa. Juni kifuatilie kura ya Bunge. Julai kiulize: limo au halimo?

Siku ya kura, 9 Agosti 2022, tulipanga foleni tangu alfajiri. Foleni ile ilikuwa ya siku moja. Diwani hukaa miaka mitano, na katika miaka hiyo kuna masika matano. Masika matano ni misimu mitano ya kupanda. Tusiyapoteze kwa makofi.

Mungu awabariki, na awalinde wote wanaoishi kando ya maji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Diwani wetu ni nani? Mara ya mwisho alitupa habari gani, na tuliandika nini?

2. Katika mambo aliyoyataja, yapi yamekwisha, yapi yametengewa pesa, na yapi ni ahadi?

3. Tukichagua jambo moja tu la kuombea bajeti ijayo, litakuwa lipi? Ni nani ataguswa na mradi huo, na je, amekwisha kuulizwa?

4. Ni kazi gani tunayoweza kuifanya wenyewe Jumamosi moja, kabla ya mvua kuanza? Ni nani ataleta jembe?